Siagi ya kutikisa nyumbani na watoto: mwongozo kamili kwa tunaoishi kwenye joto

Mara ya kwanza kujaribu siagi hapa kwetu Tabata tulitikisa chupa saa nzima. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, umeme umekatika. Neema, mwenye miaka 9, alitikisa. Baraka, mwenye 6, alitikisa. Mimi nikatikisa mpaka bega likawaka. Tulichokipata kilifanana na supu ya kuku iliyopoa: maziwa yenye macho ya mafuta yanayoelea juu. Baraka akauliza kama tumekosea kuhesabu, kwa sababu tulikuwa tunatikisa kwa kuhesabu na yeye akifika sitini na tisa huendelea na "sitini na kumi".

Jioni nikampigia mama mkubwa aliyeko Tukuyu, maana yeye na marehemu bibi ndio niliowaona utotoni wakisukasuka kibuyu. Alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Mlitikisa saa ngapi?" Nikamwambia saa nane. "Bibi yako uliwahi kumwona na kibuyu saa nane?"

Sikuwahi. Ilikuwa alfajiri siku zote, ukungu bado umeshika migomba, maziwa yamelala usiku kucha kwenye baridi ya Rungwe. Miaka yote hiyo nilidhani anawahi shamba. Kumbe alikuwa anawahi ubaridi.

Basi, ukiwa unaishi Dar, Mombasa, Tanga au popote penye joto, lishike hilo kabla ya jingine lolote: siagi haitaki nguvu za mikono, inataka ubaridi wa kiasi. Ukilipata hilo, hata mtoto wa chekechea atakutolea siagi.

Ndani ya chupa kuna nini

Maziwa ni maji yaliyojaa vidonge vya mafuta, vidogo mno, havionekani kwa macho. Kila kidonge kimevaa utando mwembamba unaokizuia kushikana na mwenzake. Ukitikisa, vidonge vinagongana, utando unachanika, mafuta yanagusana na kung'ang'aniana mpaka yanakuwa punje, kisha madonge. Maji yanabaki pembeni. Watoto niliwaeleza hivi: fikirieni abiria waliojazana kwenye daladala la asubuhi, wote wamevaa makoti, barabara ina mashimo. Wakigongana sana vifungo vinakatika. Neema alielewa papo hapo. Baraka alitaka kujua konda yuko wapi.

Joto linaingia hapa. Mafuta ya maziwa yakiwa ya moto yanakuwa majimaji, hayashikani kuwa punje. Yanatawanyika tu, ndiyo ile supu yetu ya Februari. Yakiwa baridi kupita kiasi yanakuwa magumu kama gololi, yanagongana na kuachana. Katikati, kwenye nyuzijoto 12 hadi 15 hivi, yanakuwa nusu laini nusu magumu, kama udongo wa mfinyanzi, na hapo yananata. Jikoni kwangu mchana ni nyuzi 30. Friji ni 4 au 5. Kwa hiyo kazi yote ni kuliwinda hilo eneo la katikati na kulishikilia kwa dakika 15 au 20.

Krimu utaipata wapi

Njia nyepesi ni kununua krimu ya maziwa dukani, ile inayopigwa kwa ajili ya keki. Soma pakiti kabla ya kulipa. Unatafuta mambo mawili: mafuta yafike asilimia 30 na kuendelea (35 ndiyo nzuri), na yawe mafuta ya maziwa. Kuna krimu za keki zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea; hizo zinaumuka vizuri sana na hazitatoa siagi hata mkizitikisa mpaka Idi. Nusu lita ya krimu ya asilimia 35 itakupa siagi ya gramu 200 hivi, na kikombe kizuri cha maziwa mepesi yanayobaki.

Njia ya pili ni malai ya nyumbani, yaani mafuta yanayopanda juu ya maziwa yaliyochemshwa, na ndiyo ninayoipenda kwa sababu watoto wanaifuatilia wiki nzima. Unahitaji maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa, ya kununua kwa mfugaji au kwa muuza maziwa unayemwamini. Maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu hayafai. Kiwandani yamesukumwa kwenye matundu membamba kwa mgandamizo mkubwa, vidonge vya mafuta vikapasuliwa vikawa vidogo zaidi, na vidogo hivyo havipandi juu tena. Mfaransa Auguste Gaulin ndiye aliyebuni mashine hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mnywaji wa chai ni jambo jema. Kwa mtafuta siagi ni hasara.

Chemsha maziwa kwanza. Hili halina mjadala mtoto akiwepo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na siagi ya maziwa mabichi inabeba yaleyale. Yakishachemka, punguza moto, yaache dakika chache, epua, yapoe bila kufunikwa kwa mfuniko mzito (weka kawa au kitambaa safi), kisha ingiza sufuria kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utakuta blanketi juu. Liengue kwa kijiko kipana, liweke kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji. Rudia kila siku kwa siku tano au sita. Ukiona wiki inapita na kopo halijajaa, lihamishie kwenye friza.

Usitegemee miujiza. Lita moja ya maziwa yenye mafuta asilimia 4 ina gramu 40 tu za mafuta, na kijiko hakiwezi kuyaengua yote. Kwa lita mbili kila siku ya wiki ya kazi sisi hupata donge la kukaa kwenye kiganja. Kiganja changu, si cha Baraka.

Usiku wa kuamkia siku ya kutikisa, toa malai, changanya na kijiko kimoja cha mtindi, acha mezani kwa muda wa saa tatu au nne, rudisha kwenye friji. Mtindi unaleta uchachu kidogo, siagi inapata harufu inayoniambia niko kwa bibi, na mafuta yanakubali kuachana na maji upesi zaidi. Kwa krimu ya dukani unaweza kufanya hivyo pia au usifanye. Isiyochachushwa ina ladha tamu ya upole na watoto wengi ndiyo wanayoipenda.

Vyombo

Kopo la plastiki lenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, la ujazo wa lita moja hivi. Kopo tupu la siagi ya karanga linafaa sana likioshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe. Chupa ya kioo inapendeza kwa kuwa watoto wanaona kila kitu, lakini mikono yenye jasho na kioo na sakafu ya vigae si mchezo. Ukitumia kioo, ivishe soksi safi na uwakalishe watoto kwenye mkeka. Wapo wanaotia gololi ndani ili igonge zaidi. Mimi sitii: kwa kioo inapasua, na kwa mdogo wa miaka mitatu inaishia kooni.

Vingine ni bakuli mbili, chujio la chai, mwiko wa mbao, chumvi, na maji ya kunywa yaliyopoa kabisa kwenye friji, lita mbili angalau. Tafuta na barafu. Mtaani kwetu barafu za maji kwenye nailoni hazikosekani.

Kutikisa

Fanya asubuhi mapema, saa moja au saa mbili, kabla jua halijashika bati. Kama lazima iwe mchana, tandika beseni la maji yenye barafu karibu.

Toa krimu kwenye friji, mimina kwenye kopo isizidi theluthi moja. Watu wengi wanakosea hapa kwa uchu wa kujaza. Krimu inahitaji nafasi ya kuruka na kugonga ukuta. Kopo lililojaa halina mgongano. Kama unatumia malai, ambayo ni mazito na yana mabonge, ongeza nusu kikombe cha maji baridi ili yatiririke.

Acha kopo mezani dakika 10 hadi 15. Sina kipimajoto, napima kwa shavu: kopo likiguswa shavuni liwe baridi kama soda iliyotolewa kwenye friji na mgeni akachelewa kuinywa. Baridi, ila halikushtui.

Kaza mfuniko, ujaribu wewe kwanza juu ya sinki, kisha mkabidhi mtoto wa kwanza. Mikono imeshanawa, bila shaka. Sisi tunapokezana kila hesabu ya mia, na anayepumzika ndiye anayehesabu. Mtikisiko mzuri ni wa juu-chini, mfupi na wa nguvu kiasi; kuzungusha polepole kama anayebembeleza mtoto hakusaidii. Wadogo wawili wakikaa wakitazamana wanaweza kurushiana kopo la plastiki kwa kulibiringisha sakafuni, ila hilo ni la kupumzisha mikono tu, siagi haitoki kwa kubiringishwa.

Sasa wafundishe kusikiliza, maana sauti ndiyo saa yenu.

Mwanzo kopo linasema *chwa, chwa, chwa*, maji ya kawaida kabisa. Baada ya dakika tatu au nne sauti inakuwa nzito. Kisha inakatika. Kopo linakuwa kimya, unatikisa na husikii kitu, unafungua unakuta krimu imeumuka, imejaa, imeshika kuta zote. Hapa ndipo watoto wanapokata tamaa na wakubwa wanapodhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Hiyo ni krimu ya keki; waonjeshe kidogo kwenye ncha ya kijiko, funika, endeleeni. Kimya hiki kinaweza kuchukua dakika tano, kinaweza kuchukua kumi, na ni kirefu kuliko subira ya mtoto wa miaka 6. Mimi huwa nachukua zamu ndefu hapa, nikiwaachia wao mwisho.

Halafu ghafla, bila taarifa, *du!* Kitu kizito kinagonga ukuta wa kopo na maji yanarudi kusikika. Mara ya kwanza hilo lilipotokea mikononi mwa Baraka alilidondosha kopo chini akakimbia, akidhani ameua kitu ndani. Mfuniko ulishika, Mungu bariki.

Fungua utazame. Kama ni punje ndogo kama ulezi, tikisa polepole mara ishirini nyingine. Zikifika ukubwa wa mtama au mchele, simama. Ukiendelea mpaka liwe donge moja kubwa, litafungia maziwa ndani na kuosha kutakuwa kazi.

Waonyeshe rangi pia. Krimu ilikuwa nyeupe, punje ni za manjano. Manjano hayo ni karotini ya majani aliyokula ng'ombe, yalikuwemo muda wote yamejificha ndani ya vidonge. Ndiyo maana siagi ya ng'ombe wa majani mabichi wakati wa masika inakoza rangi kuliko ya ng'ombe wa pumba na mabua wakati wa kiangazi. Ya mbuzi ni nyeupe hata ale nini, kwani mwili wa mbuzi unaigeuza karotini yote kuwa vitamini A.

Kuosha, na hapa usiharakishe

Chuja kwenye bakuli. Maziwa yanayotoka yaweke pembeni, usiyamwage.

Rudisha punje kwenye kopo, mimina maji ya baridi sana, tikisa mara kumi, mwaga. Maji ya kwanza yatatoka meupe kama ya kuosha mchele. Rudia. Mara ya tatu au ya nne yatatoka maangavu, na hapo umemaliza. Hatua hii inaonekana ya kujisumbua lakini ndiyo inayoamua siagi itakaa siku mbili au wiki mbili. Maziwa yakibaki ndani yanachacha, na siagi iliyochacha ina harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika.

Baada ya hapo weka siagi kwenye bakuli na uikande kwa mgongo wa mwiko, ukiibandika ukutani na kuinamisha bakuli ili matone yachuruzike. Mwiko uchovye kwanza kwenye maji ya baridi, la sivyo siagi itaung'ang'ania. Watoto watataka kutumia mikono. Mikono ina joto, siagi itayeyuka kwenye vidole, lakini mwache kila mmoja apate kipande kidogo cha kuchezea, hiyo ni ada yake. Kanda mpaka matone yasionekane. Viwango vya kimataifa vinataka siagi iwe na mafuta asilimia 80 au zaidi na maji yasizidi 16. Kwa mwiko hutapima hivyo, ila ukikandamiza na pasitokee machozi uko karibu.

Chumvi: kwa gramu 200, nusu kijiko cha chai, laini, ikandwe iingie kote. Kwa ajili ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja tenga kipande kisicho na chumvi kabla hujatia. Na kama kuna mgeni ambaye maziwa humletea mzio, siagi hii nayo haimfai.

Ikigoma

Kama mmetikisa nusu saa na mnaona mafuta ya majimaji yakielea, ni joto. Ingizeni kopo kwenye beseni la barafu dakika 20, kisha mtikise tena. Mara nyingi inaokoka. Ile yetu ya Februari ingeokoka kama ningejua.

Kama imeumuka na kimya hakiishi, ni baridi. Simamisha kopo kwenye maji ya bomba, yasiwe ya moto, dakika moja au mbili tu, tikiseni. Bado? Ongeza vijiko viwili vya maji baridi kulainisha, kwani baadhi ya krimu za dukani zimetiwa vitu vya kuzifanya nzito vinavyozishikilia. Na kama bado kabisa, soma tena pakiti.

Kibuyu cha bibi na ndugu zake

Bibi hakuengua malai. Aliyagandisha maziwa yote kuwa mtindi, akajaza kibuyu nusu, akakilaza mapajani, akakisukasuka mbele-nyuma akiwa ameketi kwenye kigoda. Rwanda na Burundi kibuyu kikubwa cha kazi hiyo kinaitwa igisabo. Ankole, magharibi mwa Uganda, samli haiishii kukaangia: wanaipiga na maji na chumvi ya mawe mpaka inakuwa mchuzi mweupe mzito, eshabwe, chakula cha heshima cha harusini. Mabedui wa Uarabuni wamekuwa wakitumia kiriba cha ngozi ya mbuzi kilichoning'inizwa. Vyombo ni tofauti lakini kazi ni ileile ya kugonganisha.

Nawaeleza watoto haya wakati wa kile kimya kirefu cha kopo. Nawaeleza pia kwamba Blue Band waliyoizoea, ambayo mtaani sote tunaiita siagi, ni majarini ya mafuta ya mimea, na kwamba majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya mfalme Napoleon III kutaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi. Neema aliuliza kama mfalme mwenyewe aliila. Sikuwa na jibu.

Kula na kuhifadhi

Kwanza mkate wa moto, palepale, kabla hujahifadhi chochote. Viazi vitamu vya kuchemsha navyo vinaipenda siagi hii, na ugali wa asubuhi uliobaki ukikaangwa nayo.

Iliyooshwa vizuri na kutiwa chumvi inakaa wiki mbili kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, maana siagi inanyonya harufu na hutaki iwe jirani na kitunguu. Kwenye friza inakaa miezi. Mezani kwa joto la Dar usiiache zaidi ya mlo mmoja.

Maziwa yaliyobaki ni ya kunywa, na kama ulichachusha, kandia maandazi au chapati za maji, zinakuwa laini ajabu. Siagi ya malai, ambayo mara nyingi hubaki na chembechembe za maziwa hata ukiosha, ninaigeuza samli: moto mdogo kabisa kwenye sufuria nzito, inayeyuka, inatoa povu, inachemka kwa kelele, kisha kelele inapungua na chini panakuwa na masimbi ya kahawia yenye harufu ya karanga za kukaanga. Epua hapo hapo, chuja kwa kitambaa. Hii ni kazi ya mtu mzima peke yake, mafuta ya moto hayana utani. Watoto wanapewa yale masimbi na sukari kidogo, yakishapoa, na wanagombana.

Linabaki kopo. Lifute kwanza kwa karatasi, mafuta yaende kwenye pipa la taka na si kwenye bomba la sinki, halafu maji ya moto na sabuni mara mbili, mfuniko nao kwenye mikunjo yake. Kwa kutikisa nilikuwa na foleni ya watoto wanne, wawili wa jirani. Kwa kuosha nimeita mara tatu na hakuna aliyesikia.